Vipimo vya Mwandishi

Tarehe 4 Machi

Shemeji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kaka yako. Sisi hatujambo, kwa kiasi ambacho mtu anaweza kusema hivyo siku hizi. Mama yenu miguu inamsumbua, ila mdomo uko imara. Jana amegombana na muuza mkaa mpaka yule mtu akaacha gunia mlangoni na kuondoka bila kuaga.

Nakuandikia wewe kwa kuwa mume wangu bado amekatazwa kalamu, na tumepewa ukurasa mmoja tu kwa mwezi. Kwa hiyo ukurasa huu ni wenu wawili. Msomee polepole, na usiigize. Nakujua.

Mambo ni haya. Juzi yule bwana wa ofisi, mwenye miwani, alikuja tena. Safari hii hakupekua. Alikalia kiti changu cha cherehani, akaweka kofia juu ya magoti, akaniambia kwamba nakala zote za mchezo zimekwisha kuchomwa isipokuwa ile ya kwanza, ile aliyoiandika Mwandishi kwa mkono wake. Wakiupata mswada huo, hawatakuwa na sababu ya kuendelea kumweka mume wangu ndani. Atarudi nyumbani siku hiyohiyo. "Jambo liko mikononi mwako, mama," alisema. Nikamjibu kwamba mimi ni fundi wa mavazi, najua vifungo na bitana, karatasi si kazi yangu. Akatabasamu, akasema hana haraka.

Mama alikuwa chumba cha pili na alisikia yote. Tangu hapo hilo halitaji, ananitazama tu ninavyoshona.

Muulize kaka yako neno moja. Kama mswada huo upo, na kama kuna mtu anayeweza kuutafuta, autafute au auache ulipo? Afande anayesoma barua hii asinikasirikie kwa swali hili, kwani ni wenzake walioliuliza kwanza.

Msalimie Seremala wetu. Jukwaa lake la mwisho lilibomolewa kwa shoka siku mbili nzima, mwambie ajivunie.

Wako,
Fundi


Tarehe 29 Machi

Shemeji yangu,

Barua imefika. Nimemsomea kaka polepole kama ulivyoagiza na sikuigiza, ila pale pa muuza mkaa. Pale hata wewe usingenizuia. Amecheka sana.

Anakusalimu. Afya yake nzuri, anakula, analala. Anasema uache kushona mahali penye mwanga hafifu, macho hayana duka. Anamsalimu Mama na kumwombea miguu yake.

Kuhusu lile uliloliuliza, amelifikiria siku nyingi. Anasema ufanye kama moyo wako utakavyokutuma.

Mimi nipo. Wamenipeleka jikoni pamoja na Seremala, tunasugua masufuria makubwa kiasi kwamba nikiinama ndani nasikia mwangwi wangu, nikajikuta nahutubia. Ila kusahau kumezidi. Nyumbani nilikuwa nakutegemea wewe, unanishonea kipande cha kitambaa ndani ya pindo la mkono wa kushoto, maneno mawili matatu ya kuniamsha nikikwama mbele ya watu. Hapa nikikwama, nimekwama.

Shemeji yako,
Mfalme (asiye na kiti)


Tarehe 11 Aprili

Shemeji,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko unavyodhani, na kuna mstari mmoja haunipiti kooni. Afanye kama moyo wake utakavyomtuma. Ni mume wangu huyu aliyesema hivyo? Mtu aliyenuniana nawe siku mbili kwa sababu ulisema "lakini" pale alipoandika "ila"? Mtu aliyekuja kuhesabu vifungo vya joho la Mfalme kwa kuwa yeye aliandika saba na mimi nilishona sita? Huyo hajawahi kuachia kitu kwa moyo wa mtu, hata chumvi.

Labda gereza limembadilisha. Mimi mwenyewe nimebadilika, siku hizi nazungumza na mkasi.

Jana nilikuwa nakumbuka ile wiki uliyokuwa na homa, ikabidi yeye avae joho lako na kucheza Mfalme. Mwembamba vile, tukamfunga mto tumboni, nami nikampima mto ukiwa palepale. Wewe umejifunika blanketi, unatetemeka, unaandika namba daftarini ninavyozitaja. Halafu mto ukashuka mbele za watu, akaushika kwa mikono miwili na kuendelea kuamuru nchi. Ile ndiyo siku pekee niliyomwona anacheka kazini.

Na tazama tulipofika kwa mchezo mmoja. Mfalme anayeuliza hali ya watu wake kupitia mtumishi mmoja, na mtumishi anamjibu kila asubuhi kwamba watu wamelala vizuri. Umechezwa mara tatu tu. Siku ya kwanza watu walicheka, siku ya tatu walisimama, siku ya nne hamkurudi nyumbani.

Mama amefungua mdomo. Alisema, "Karatasi huandikwa tena. Mtoto sizai tena." Asubuhi naamka na wazo moja, jioni nalala na jingine, na yote mawili yananichoma.

Mwambie namtaka jibu lake mwenyewe, ndiyo au hapana. Chochote atakachosema nitakifuata.

Fundi


Tarehe 28 Aprili

Shemeji,

Kaka anasema kama mswada upo, upelekwe ofisini.

Anasema amechoka. Anasema mchezo ule ulikuwa kosa na hauna faida kwa mtu yeyote. Anataka kurudi kwa mke wake na mama yake. Hili ndilo jibu lake, ameombwa na amelitoa kwa hiari.

Mwezi huu sina la ziada.

Mfalme


Tarehe 9 Mei

Shemeji,

Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimewasha pasi kwa kuwa kazi za watu haziningoji.

Nusu saa nzima nilimkasirikia. Yeye kusema ule mchezo ulikuwa kosa! Halafu nikajiuliza, mimi ni nani wa kumdai mtu ushujaa nikiwa nalala kitandani kwangu? Amechoka, basi amechoka. Niliolewa na mtu, sikuolewa na mswada.

Nimemwambia Mama. Alinyanyuka bila fimbo, akaenda kutandika kitanda chenu cha zamani, mashuka yote mawili, kisha akakikalia.

Kwa hiyo iwe hivyo. Nimekumbuka mahali panapoweza kuwa na karatasi. Jumatatu ya kwanza ya Juni nitakwenda ofisini nazo.

Sasa nina kazi kwako. Nimeruhusiwa kuleta vazi moja langoni. Mume wangu hatatoka huko mbele ya mama yake amevaa kama gunia. Nataka kumshonea koti, na nataka vipimo vipya: bega, kifua, kiuno na mkono. Mpime kwa kamba, halafu Seremala aipime hiyo kamba, mikono yake inajua inchi bila rula. Vya zamani havinifai. Miaka miwili ya chakula cha huko, atakuwa amebaki vifungo tu, na sitaki koti ndilo limvae yeye.

Fundi


Tarehe 23 Mei

Shemeji,

Vipimo hivi hapa. Nimempima leo asubuhi, akasimama wima kama ulivyokuwa ukimwamrisha.

Bega, inchi kumi na nane. Kifua, arobaini na moja. Kiuno, arobaini na sita. Mkono, ishirini na nne na nusu.

Anasema koti liwe la kijivu.

Mwambie Mama kwamba kaka anampenda. Hilo ni kweli.

Mfalme


Tarehe 6 Juni

Shemeji,

Vipimo nimevipata. Nilifungua daftari la kikundi ili niviandike chini ya vya zamani, mstari chini ya mstari, kama ilivyo desturi ya kazi yetu. Mwambie kaka yako nimefurahi kuona hajapungua hata nusu inchi tangu ile wiki ya homa yako. Bega ni lilelile, kifua kilekile, na kiuno ni kilekile alichokuwa nacho siku ile tulipocheka. Ni wachache wanaotunzwa namna hiyo.

Nilikaa na daftari mapajani mpaka pasi ikaunguza kitambaa cha mteja. Sijawahi kuunguza kitambaa cha mtu tangu nianze kazi.

Jumatatu sikwenda ofisini. Lile sanduku nililolifikiria, nilipolifungua nilikuta panya wamezalia humo. Nilikumbuka vibaya. Bwana wa miwani nimemwambia hivyo, na nimemwambia ninaendelea kutafuta.

Koti nimeliacha langoni leo. Nimelikata kwa mwili wako, si kwa mwili wake. Kaka yako, kwa vipimo hivi, hatasikia baridi. Vyako nimekisia, nimetoa inchi tatu kila mahali. Livae, halafu uniambie kama mkono wa kushoto unakubana.

Mama ameniuliza kwa nini nimekata koti dogo. Nilimwambia kitambaa hakikutosha.

Fundi


Tarehe 30 Juni, kwa mkono wa Seremala

Shemeji,

Hii haipiti langoni. Seremala anatoka kesho, naye ameipa nafasi ndani ya kisigino cha kiatu alichokichonga mwenyewe. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza mwaka huu ni mimi ninayekuandikia.

Mkono wa kushoto niliufumua kwa meno siku ileile. Kipande cha kitambaa, mwandiko wako, maneno mawili. "Ninao. Lini?" Nilikisoma, kisha nikakimeza.

Ilikuwa tarehe kumi na saba Januari, alfajiri.

Walianza kumuuliza kuhusu mswada tangu Desemba. Walimweka chumba chenye maji sakafuni, na kifua chake unakijua. Siku tatu za mwisho walimrudisha kwetu. Mimi na Seremala tulimlaza katikati yetu ili apate joto. Hakuniambia mswada uko wapi, wala sikumuuliza, na wewe usiniambie. Amezikwa nyuma ya ukuta wa jikoni. Seremala aliruhusiwa kuweka ubao wenye namba, jina walikataa. Nikisugua masufuria ninauona kupitia dirishani.

Barua yako ya Machi ilipofika, Afande aliniita, akaniwekea karatasi mbele. Nilimwambia kaka hayupo, nitamsomea nani? Akasema, "Wewe si mwigizaji? Mwigize." Nikikataa, barua zimekwisha, na Mama hatajua kama amebakiwa na mtoto hata mmoja. Basi nikamwigiza kaka yangu. Ile ya "moyo wako utakavyokutuma" niliitunga mwenyewe, nikijua si maneno yake, nikiomba Mungu ushtuke. Ulishtuka, lakini nawe ukalilaumu gereza.

Ya Aprili walinisomea, mimi nikaandika. Ila nisikudanganye tena, Shemeji. Siku ile sikuandika kwa kulazimishwa peke yake. Nilifikiri kaka hayupo, karatasi haziwezi kumrudisha, labda zitanitoa mimi. Nilitaka uzipeleke. Miaka kumi na miwili nimecheza wafalme na sikuwahi kujua kwamba ndani ya joho mna mtu mwoga hivi. Naona aibu, na najua aibu haikufuti wewe machozi.

Na vile vipimo. Ningependa kusema nilifanya makusudi. Seremala ameamini hivyo na amewaambia wenzetu wote, sasa wananipisha kwenye foleni ya uji. Si kweli. Ulinikumbusha ile wiki ya homa, na nilipokaa kuandika, namba zikaja zenyewe mfululizo, kama maneno ya mchezo niliyoyakariri. Zote zilikuja. Mto ndio niliousahau. Nimekusaidia kwa usahaulifu wangu uleule uliokuwa ukiulalamikia.

Kuna jambo lazima ulijue. Wanaona bado unaamini yuko hai. Siku wakijua kwamba umejua, hawatakuwa na haja tena na mkono wangu, na mtu asiyehitajika humu hakai muda mrefu. Sikuambii ufanye nini. Nimekwisha kukuambia ya kutosha kwa kinywa cha mtu mwingine.

Siku ya mwisho alizungumzia mchezo. Alisema yale maneno ya Mfalme ya kumalizia yafutwe, yote, Mfalme anasema mno. Ashuke kwenye kiti aondoke kimya. Nikamwambia kaka, hayo ndiyo maneno niliyopigiwa makofi kuliko yote. Akasema, "Ndiyo maana." Baada ya hapo alikutaja wewe, kwa jina lako la nyumbani, mara mbili.

Koti linanifaa. Kiunoni ungetoa inchi moja zaidi.

Mdogo wake


Tarehe 12 Julai

Shemeji,

Natumaini mko wazima wote wawili. Meza yangu ya kukatia imepata mguu mpya, kazi ya mtu anayejua mbao, sasa haitikisiki.

Habari zenu zote nimempa Mama. Sikumpunguzia hata moja. Alikitandua kile kitanda, akakunja mashuka. Siku ya tatu alivuta kigoda karibu na cherehani akaniomba sindano. Tangu hapo tunakaa pamoja, mimi nashona na yeye anafumua mavazi ya zamani ya kikundi, uzi kwa uzi, bila haraka. Hagombani tena na mtu. Muuza mkaa mwenyewe ameniuliza kuna nini nyumbani, nikamwambia uzee. Mama anakusalimu kwa jina ulilokuwa ukiitwa ulipokuwa mdogo. Anasema ule hata kama hutaki.

Bwana wa miwani amekuja. Nimemwonyesha masanduku ya kikundi, kumi na manne, na nimekwisha kufungua matatu. Kila vazi lazima litolewe, likung'utwe, likaguliwe pindo na bitana, kisha likunjwe lilivyokuwa. Nimemweleza kwamba ni kazi ya mwaka, labda zaidi, nami nina macho mabovu na wateja wangu. Na kwa kuwa mume wangu ndiye anayekumbuka nini kiliwekwa wapi, itanibidi kumuuliza kila mwezi kwa barua, na wewe unijibie, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kumsomea. Alifikiri, akakubali. Amesema amewaagiza wasikuhamishe jikoni. Tafadhali Shemeji, usichoke kunijibia. Nikiuliza kuhusu sanduku la nne, muulize taratibu. Akisema hakumbuki, niandikie hakumbuki, nitahamia la tano.

Mwambie kaka yako lile alilotaka lipunguzwe nimelipunguza. Nimelikata mwenyewe, kwa mkasi wangu, Mama akiwa ameshika ncha ya pili. Najua wewe ulilipenda. Lakini yeye alikuwa na haki, bila hilo limekaa vizuri zaidi.

Nilikukasirikia, kwa mambo ambayo wewe unayajua. Nilikukasirikia kwa kiasi cha kushona mashati manne. Kwenye la tano nilikuta nimeshona kola yako. Basi yaishe.

La mwisho. Kila mwezi nitumie vipimo, vyake na vyako. Vyake niandikie vilevile, sitegemei vibadilike, mtu mzima akishafika hukaa hapo. Vyako ndivyo nataka vipimwe kweli, kwa kamba, asubuhi kabla hujala, na usiniongezee hata nusu inchi kwa kunifurahisha. Mama ndiye atakayeshika daftari. Ukipungua tutajua, na tutakata koti jingine.

Fundi